Shimo Moja la Vitengeni

Damaris, shoga yangu, nina hasira!

Alkesh, kakake rafiki yetu Tanvi, kaweka rehani duka la vitambaa waliloachiwa na mama yao. Duka zima! Kisa apate pesa za kuwekeza kwenye madini ya nikeli.

Kuna kampuni imechimba shimo moja Vitengeni, ikakuta nikeli, sasa yatafuta wawekezaji. Leo Tanvi kaandamana na kakake kuwasikiliza, hotelini Mnarani.

Akauliza kwa adabu, "Mashimo mengine mmechimba wapi?" Mkubwa wao akasema bado. "Basi mwajuaje madini yameenea, si kipande tu?"

Yule bwana akamgeukia Alkesh: "Dadako ana maswali mengi. Hajaolewa?"

Hajaolewa! Mbele za watu! Na Alkesh akacheka, wallahi.

Tanvi akamwambia kakake, "Nikeli huenda ipo, lakini shimo moja si mgodi. Ngoja wachimbe zaidi."

"Nishatia sahihi rehani asubuhi."

Nishatia sahihi, Damaris!

Tanvi hakulia. Kachukua funguo, karudi Kilifi, kajifungia dukani. Asema duka ni la wawili na sahihi yake waliokopesha hawana. Anayelitaka aje avunje mlango naye yumo ndani.

Mimi nampelekea chakula. Wewe njoo na mkeka, twalala huko huko.