Kikwembe cha Maman na Neno la Monsieur Zagabe

Bukavu, Kadutu, tarehe 14 mwezi wa sita

Maman wangu mupenzi,

Ninakusalimia sana, wewe na wote walio hapo Bunyakiri. Goti lako linaendelea namna gani? Dawa ya kupaka niliyotuma imekusaidia, ao ungali unakwenda kanisani ukishikilia ukuta? Sisi huku tuko wazima. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, zimerudi sokoni, na jana mume wangu Ezéchiel alikula mpaka akalegeza mukaba. Ninamusalimia pia Papa Jean-de-Dieu, mukatekista, anayekusomea barua hii. Papa, ninakuomba usome yote, hata pale utakapoona afazali kuruka.

Habari ya kwanza ni nzuri: nimepata kazi. Nitapokea wageni kwenye nyumba moja ya wageni huku Nguba. Wengi wanatoka Uganda na Kenya, hawajui Kifaransa, ndiyo maana tangu mwezi wa pili nilikuwa ninasoma Kiingereza kwa Monsieur Zagabe, kwenye chumba cha parokia. Tulikuwa kumi na wawili, na mie ndiye niliyekuwa muzee kuliko wote. Walinicheka wiki ya kwanza, kisha wakaanza kunakili kwangu.

Wiki moja nzima Monsieur alitufundisha neno moja tu: honest. Alisema ni ndugu ya honnête ya Kifaransa, lakini tusizani ni la mutu asiyeiba tu. Mutu anaweza kuitwa honest, jibu pia, hata uso. Mutu wa namna hiyo, alisema, ni yule anayesema kweli siku ambayo kweli itamuharibia. Kisha akatuonya kwamba wenye kazi watatuomba mufano wa siku tulipokuwa honest, akaandika wake ubaoni: niliokota telefone sokoni Nyawera, nikamutafuta mwenyewe, nikamurudishia. Unajua tulivyosomeshwa, maman. Kilichoandikwa ubaoni kinashikwa kwa kichwa, na sisi wote tulikishika.

Basi wote kumi na wawili tulikwenda kuomba kazi ileile. Mie niliingia wa tisa. Yule maman wa Kampala anayeongoza nyumba aliponiomba mufano, nikamuletea telefone yangu ya Nyawera. Hakunikatiza. Aliningoja nimalize, kisha akaniuliza kwa upole kama siku ile Nyawera kulibaki hata mutu mumoja mwenye telefone, maana tangu asubuhi mie niko wa tisa kuiokota. Nilisikia haya mpaka masikio yakawa moto. Akaniambia nimupe mufano wangu mwenyewe.

Nikatafuta, maman. Kila nilipogeuka nilikikuta kikwembe chako. Nikamuambia kwamba mufano wa namna hiyo sina, ila niko na mufano wa kinyume chake. Nikamuelezea yote kwa Kiingereza changu cha kuvunjika.

Sasa ninakuelezea wewe. Kile kikwembe, kitenge cha kijani alichokununulia papa marehemu siku ya ndoa yenu ya kanisani, Fanny hakukiiba. Mie ndiye niliyekitoa kwenye sanduku bila kukuomba, nikivae kwenye ndoa ya rafiki yangu Elodie. Nilikipiga pasi ya makaa, kaa likaanguka, kikaungua katikati. Nikakizika nyuma ya migomba. Ulipokikosa ulimushitaki Fanny, kwa sababu alikuwa muke mupya wa kaka yangu Hervé na ndiye aliyefua nguo zako wiki ile. Ulimukataza kugusa jiko lako, mbele ya wamaman wote wa jirani. Nami nilikuwa nimeketi palepale, ninachambua majani ya sombe, nikanyamaza.

Ni miaka mitatu sasa. Hervé alimuhamishia muke wake huku, na mutoto wao Ornella hajui uso wako. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilipotoka kwa yule maman wa Kampala sikufika kwangu, nilikwenda moja kwa moja kwa Fanny. Alikuwa anakaanga ndazi. Aliposikia, alitoa karai kwenye moto, akaketi, akalia. Siku ine hakunisemesha, na alikuwa na haki. Siku ya tano alikuja na neno moja: wale waliosikia akiitwa mwizi wasikie na hili. Kazi nilikwisha kuipata siku hiyo, lakini hata ningeikosa ningekuandikia.

Kwa hiyo, Papa Jean-de-Dieu, ninakuomba uwaite wamaman wa jirani, uwasomee tena pale pa kikwembe, polepole. Na wewe maman, ukikasirika, unikasirikie mie. Nitapanda Bunyakiri siku ya Mungu ijayo, Jumapili, nikae mbele yako, na sitakimbia.

Ezéchiel na watoto wanakusalimia. Unisalimie Maman Olive, na wote wa kikundi cha rozari. Mungu akulinde.

Mutoto wako akupendaye,
Godelive

Tena, maman: barua hii imeletwa na Fanny. Alisema ataipitisha mulangoni, halafu atangoja nje na Ornella mpaka isomwe yote. Imeisha. Umuingize jikoni.