Siku ya Wanawake Hapa Ekero

Ekero, 11 Machi 1996

Dada yangu Raisa,

Assalaam aleikum. Watoto ni wazima na mahindi tumeshapanda, ila mimi watu wamenichosha.

Ijumaa ilikuwa Siku ya Wanawake. Nilialikwa kwa sababu ndimi mwanamke wa kwanza hapa kuendesha trekta la miwa. Kufika tu nikapewa mwiko. Wanaume wanne walihutubia juu ya wanawake jasiri wa dunia nzima, waliorusha ndege na waliotawala nchi, huku sisi tukipika nyuma ya hema.

Mara trekta la miwa likakwama barabarani, likazuia gari la mgeni wa heshima. Dereva alihangaika mpaka akashuka. Nikafunga leso kiunoni, nikapanda, nikalitoa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akaniambia, “Ahsante mama. Sasa chakula kiko wapi?”

“Waulize waliohutubia,” nikamjibu, nikaenda zangu nyumbani.

Mume wangu alikuwa ameshasikia. “Umeniaibisha,” akasema. “Jumatatu ukienda kazini, usirudi hapa.” Miaka kumi na mmoja nimekaa na Farouk, dada, na hilo ndilo alilopata kuniambia.

Leo ni Jumatatu, na nimekuja. Nakuandikia nikiwa juu ya trekta, nasubiri miwa ipimwe. Jioni nikikuta mlango umefungwa, nitachukua watoto nije kwako. Mama usimwambie kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Swafia