Baba Mkwe Anasifu Ugali wa Kuni, Kumbe Napika kwa Gesi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu mambo yameniharibikia. Mimi ni mke wa Walubengo, tuna ng'ombe wawili wa maziwa, na mwaka jana mume wangu alileta fundi akatujengea mtambo wa gesi ya samadi, nikaachana na kuni na kikohozi kikaniacha, lakini fundi akasema tukiunganisha na choo chetu gesi itaongezeka, mume wangu akakubali bila kuuliza mtu, na baba mkwe, Mzee Wepukhulu, ambaye alifiwa na mkewe na mimi ndiye humpikia, alipoona lile bomba alisimama uani akapiga kelele, "Ati nini? Mimi nile chakula kimepikwa na choo cha bibi ya mtoto wangu? Walubengo, hiyo shule yako ilikufundisha nini?" Mume wangu akasema, "Baba, si ni gesi tu?" Mzee akajibu, "Basi kula wewe!"

Unajua kwetu mtu na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja. Akaanza kushinda na chai ya majirani, akakonda, nikaona aibu, ndipo nikaanza ujanja: nawasha magunzi ya mahindi kwenye jiko la zamani ili moshi uonekane, kisha napika kwa gesi ndani. Anakula anamaliza, anasema, "Nekoye, huu ndio ugali! Ule wa gesi hata mbwa hawezi." Sasa amewaalika wazee wawili wa kanisa waje waonje chakula cha kuni. Akijua, hatakula kwangu tena, na ataamuru mtambo uvunjwe. Nirudi kwa kuni, ama ninyamaze?

Nekoye, Endebess

Nekoye binti yangu, nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Umemlisha mzee kitu alichokikataa kwa mdomo wake mwenyewe. Huruma yako naiona, lakini huo ni udanganyifu.

Samadi ikifungiwa shimoni huoza na kutoa gesi, gesi hupita kwenye bomba na kuwaka, na uchafu haufiki kwenye sufuria. Hayo ni kweli, ila hayamjibu mzee. Yeye anatetea heshima kati yake na wewe, na mume wako alipaswa kumwuliza kabla fundi hajagusa choo. Tena choo chenyewe kinaongeza gesi kidogo sana. Ng'ombe wawili, wakilishwa vizuri na samadi ikatiwa kila asubuhi, wanatosha nyumba yenu.

Basi Walubengo amrudishe fundi azibe bomba hilo kwa saruji, mchana, mzee akitazama. Mchimbe choo kingine kando, kisichoungana na mtambo. Tope lote lililomo mtamboni litolewe likazikwe, mtambo ujazwe samadi tupu. Jumapili wageni wapikie kwa kuni kweli, maana hicho ndicho walichoahidiwa. Loweka maharagwe tangu jana yake na ufunike sufuria, utatumia kuni chache na moshi hautakutesa sana.

Wageni wakishaondoka, mzee aambiwe ukweli, ila usiupeleke wewe, mkwe. Shangazi yake Walubengo, dada ya mzee, ndiye aende, aseme yote, na ule moshi wako asiache kuutaja. Mzee atakasirika. Mwache akasirike, shangazi ampikie kwa muda. Akitulia, mwombeni awashe jiko la gesi kwa mkono wake. Akikataa hata hapo, chake kipike kwa magunzi, na ninyi wengine mle cha gesi. Nyumba ikipunguza nusu ya kuni zake si haba, na kikohozi hakitakurudia.

Ila usimwandalie tena chakula ambacho hajui kimepikwaje.