Biskuti za Gigozi Mbili

Bukavu, Ibanda, 14 Januari 2024

Yaya mpendwa,

Pokea salamu zetu zote. Sisi wazima, isipokuwa mafua ya Charlène ambayo mengi yameishia kwenye mkono wa sweta. Wewe je? Mgongo unaendeleaje, na wagonjwa wako huko Mwenga?

Binti yako amekuwa fundi. Kila Jumamosi tunapika gute yake, ya kula shuleni saa ya mapumziko. Tunaweka mchanga ndani ya sufuria kubwa juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, makala mengine ya moto juu ya kifuniko, na keki ndogondogo zinaiva vizuri kabisa. Mayai anavunja yeye. Juzi metresi, mwalimu wake, alionja, akamuuliza nani amempikia. Charlène akaninyooshea kidole pale mlangoni: "Ni ule, njo maman." Sikutaka kumsahihisha mbele ya watu. Tulicheka sana.

Mudogo wako,
Micheline

Mwenga, 27 Januari 2024

Micheline,

Barua nimeipata kwa Gérard, dereva wa lori la Fuso. Mgongo upo, asante. Wagonjwa wapo pia.

Ninyi chekeni tu na metresi. Lakini maman wa huyo mtoto anaitwa Georgette. Wewe ni maman mudogo, na hiyo "mudogo" si gunia la makala, mtoto anaweza kuibeba. Mimi nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili, wewe unavunja naye mayai mawili umeshakuwa mama? Nisamehe, wivu unanikaba hata nisipotaka. Nawaona mikono yenu imo katika bakuli moja, nami huku nafunga vidonda vya wachimba dhahabu.

Jumamosi ijayo weka keki zako pembeni. Mpikie biskuti zangu za karanga, na umwambie zimetoka kwa mama yake. Kipimo ni lile kopo la gigozi, la maziwa ya unga ya mtoto:

Unga gigozi mbili. Karanga za kusaga nusu gigozi. Sukari vijiko vitatu. Maji. Mafuta hapana, mayai hapana. Ziache saa nzima kwenye makala. Usiongeze kitu.

Yaya wako,
Georgette

Bukavu, 18 Februari 2024

Yaya,

Amani iwe kwako. Gérard anasema unakohoa. Je, umepata dawa, au unawapa wengine tu?

Habari ya jina nimeisikia. Mkubwa ni mkubwa.

Biskuti tulipika. Nilifikiri ulikuwa umechoka ulipoandika, ukakosea, basi nilipoona unga ule wote nilishika siagi. Charlène akanizuia mkono. Nilikuwa nimempa nusu ya chini ya barua yako, ile ya mapishi, akaisoma kidole kikifuata kila neno: "Ona! Maman aliandika asema mafuta hapana. Usiongeze!" Basi sikuongeza. Zilitoka mawe matupu.

Yaliyofuata nimeambiwa na metresi. Thierry wanayekaa naye benchi moja aliuma moja akapiga kelele, na darasa zima likacheka. Charlène akasimama: "Biskuti ya maman yangu inakuwaga ngumu juu ya safari! Yee iko anaishi mbali. Ya kwenu ingeoza mu njia!" Halafu akazila wiki nzima, akizichovya kwenye maji. Keki niliyomtilia mfukoni aliirudisha nyumbani nzima. Iliniuma, sikufichi.

Amekuchagulia mbili. Gérard anazo.

Mudogo wako,
Micheline

Mwenga, 2 Machi 2024

Mudogo wangu,

Nakusalimu kwa aibu. Kikohozi kimepungua.

Sikuwa nimechoka siku ile. Unga ni gigozi moja, na siagi inatiwa, na mayai pia. Wewe unajua na mimi najua. Niliandika vibaya makusudi. Nilitaka zikuharibikie wewe, mtoto aseme maman mudogo hajui kupika. Wivu ulinifanya mjinga hata nikasahau kwamba nimeagiza zitajwe kwa jina langu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Zile mbili nimezila. Jino la nyuma linauma hadi leo. Mtoto wa miaka saba alisimama kunitetea mbele ya darasa, na mimi nilikuwa napigana na dada yangu. Na bado sijapona, Micheline. Jumamosi ikifika nakuchukia kidogo, halafu naenda kazini.

Charlène asiione barua hii. Nimemwambia Gérard aitie mkononi mwako.

Yaya wako,
Georgette

Bukavu, 17 Machi 2024

Yaya,

Umeamkaje huko? Jino limetulia? Sisi tuna afya, tumshukuru Mungu kwa hilo.

Siku Gérard alipopita nilikuwa kwenye matanga Nyangezi, naye aliiacha barua mezani. Niliporudi nilimkuta Charlène ameketi nayo, amefika mwisho.

Kwanza aliuliza: "Kumbe maman anajuaga kupika?" Nikamwambia anajua sana, hata mimi alinifundisha yeye. Akaruka kwa furaha, yaya. Mwezi mzima alikuwa na hofu kwamba mama yake hajui, na hakumwambia mtu.

Jioni ndipo alipolia. "Aliandika vibaya juu mimi nilipenda keki yako?" Nikasema hapana, ni mambo ya watu wazima. Hakuniamini.

Jana nilitoa mbabula, nikawasha makala, nikapasha mchanga. Hakuja jikoni. Nilimwita mara tatu. Akaniambia kutoka chumbani kwamba hatapika tena na mimi, ili wewe usisikie vibaya. Kesho anaenda shuleni na mkate mkavu. Ameukata mwenyewe.

Ulitaka awe wako peke yako, sasa amekuwa. Mimi nimekaa mbele ya mayai yangu nikikuonea wivu wewe uliye mbali.

Likizo ya Pasaka inaanza mwisho wa mwezi huu. Usimwandikie kitu. Panda Fuso ya Gérard, uje umwite jikoni wewe, kwa sababu kwangu haji tena.

Mudogo wako,
Micheline