Moto kwa Maduhu

Kishapu,
Shinyanga.
21 Juni, 1983.

Mpendwa dada Paskazia,

Shikamoo. Habari za joto la Hispania, na masomo ya uuguzi? Masista wanakulisha kweli? Katika picha uliyotuma shingo imerefuka. Sisi tu wazima, ila Mama magoti yanamsumbua. Pamba tumeanza kuvuna, si haba.

Umeniandikia kwamba nchi hiyo imeingia NATO, watu wanabishana, na serikali mpya imeahidi kuwauliza kwa kura. Nilicheka, maana na sisi tumeingia umoja wetu. Sungusungu, ulinzi wa vijiji dhidi ya wezi wa ng'ombe, ilianzia vijiji vya mbali, sasa iko kwetu. Mwano, lile yowe letu la hatari, ukipigwa kijiji kimoja, vingine vyote vinatoka na pinde. Mimi mwenyewe ni askari, nina upinde na filimbi. Nisikudanganye, tangu masika hakuna ng'ombe wetu aliyeibwa, na tunalala usingizi.

Lakini mwezi uliopita kijiji jirani kilidai kwamba kaka yetu Maduhu aliwaonyesha wezi njia. Mkutano wetu ulitaka kwanza asikilizwe. Wakuu wa umoja wakajibu kwamba kijiji kinachotilia shaka neno la wenzake kitoke, na siku wezi wakija kipige mwano peke yake. Watu wakaogopa. Maduhu akatengwa bila kufungua kinywa: asipewe moto, maji wala salamu. Iliniuma sana. Zamani mkutano wetu ulikuwa na kelele nyingi, lakini ulikuwa wetu.

Jumapili nilipangiwa zamu kwenye njia ya kwake. Watu wakitoka kanisani, nikamwona Mama anakuja polepole na kigae chenye makaa ya moto. Nilipaswa kupuliza filimbi. Akasimama mbele yangu.

“Piga filimbi yako, Mihayo. Nami nitapiga mwano wangu, tuone nani atakuja.”

Nikampisha.

Kesho tumeitwa mkutanoni, Mama na mimi. Nitaomba tupige kura upya, Maduhu akisha kusema. Hofu yangu ni kwamba tutafukuzwa wote katika umoja, na zizi letu unalijua lilivyo karibu na pori. Niambie, dada, hao wa huko wakikataa kwa kura, wataachwa watoke NATO kwa amani?

Mama anakusalimu sana, na mke wangu Esta pia. Maduhu naye anakusalimu. Salamu zake zimekatazwa kupokelewa, lakini nimezipokea, na hizi nakufikishia.

Mungu akutunze ugenini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mihayo