Usiniagize Tena Nimzuie Dada Yako

Nyumbani kwa baba yako,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mwana wa kaka yangu,

Pokea salamu zetu sote. Je, kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Mkeo na watoto hawajambo? Huku tunaendelea. Baba yako anakula vizuri na kulalamika vizuri zaidi.

Ujumbe wako wa simu ulinifikia, ijapokuwa haukuwa na salamu. Unataka nimkanye dada yako asiache uuguzi, kwa kuwa ni mimi peke yangu anayeniogopa. Nakujibu kwa kalamu, maana jambo hili halifai kujibiwa kwa vidole gumba.

Mwanzoni niliwaza kama wewe. Nilisema, amelivuka janga lenyewe la ule ugonjwa wa mlipuko, sasa anakimbia nini? Wenzake wengi wameshaondoka, na zamu nzima hubebwa na wauguzi wawili.

Wiki iliyopita nilikwenda kupimwa moyo. Daktari amesema nilazwe mwezi ujao, katika wodi hiyo hiyo ya dada yako. Nilipokuwa nikisubiri kwenye benchi, nilimwona mzee mmoja kitandani karibu na mlango, akiomba maji. Dada yako alipita na sinia la dawa, asigeuke. Akarudi, asigeuke. Mzee akasema, "Mama, hata funda moja tu."

"Subiri, babu, si wewe peke yako humu," akamjibu, akaenda zake.

Niliinuka nikampa maji mimi. Na huyo dada yako ndiye ambaye wagonjwa walimwita Mkono Mwepesi, kwa kuwa sindano yake haikumliza hata mtoto.

Jioni, hapa nyumbani, nilimngoja amalize kunawa hadi viwikoni, kama afanyavyo tangu ule ugonjwa. Nikamwambia, "Leo umeniaibisha. Umekuwa jiwe?"

Hakukasirika. "Ndiyo, Shangazi. Wakati ule, ukimlilia mmoja, wa pili anakata roho. Nikajifunza kutosikia. Ugonjwa umekwisha, na bado sisikii. Juzi nimemwambia mama mmoja kwamba mwanawe amefariki, halafu nikamuuliza mwenzangu kama chai imebaki. Yule mama alikuwa bado amesimama pale."

Baba yako akajaribu mzaha: "Basi njoo unichome mimi, ngozi yangu nayo imeshakuwa ngumu."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumkanya. Niliyaacha yote. Nilimuuliza atafanya kazi gani, akasema hajui. Hilo halinifurahishi, wala sikufichi kwamba hospitali itaumia.

Kesho anapeleka barua ya kuacha kazi. Ukimpigia simu, usimhubirie heshima ya ukoo. Muulize kama analala usingizi.

Msalimie mkeo, uwabusu watoto, na umwambie mjomba wako fundi saa, aliye huko nawe, kwamba bado tunamngoja aje kututembelea. Mungu akulinde ugenini na akurudishe ungali na afya.

Jambo moja nililiacha makusudi. Dada yako alitaka kuendelea na kazi hadi nitakapotoka wodini, aniuguze mwenyewe. Nimemkatalia. Niliogopa, mwanangu, kwamba huenda siku moja nitamwita asigeuke, kisha aishi akilijua hilo.

Akupendaye hata anapokukaripia,
Shangazi yako.