Utakula Wapi Ukija Palma

Palma, Agosti 1981

Baba Atumane,

Barua yako imefika, nasi tu wazima. Mbuzi amezaa pacha, na paa nimeliezeka upya kwa makuti.

Umeuliza ukija na mgeni wako mtakula wapi. Umemuuliza anayejua. Asubuhi nendeni kwa Bi Awa, nyuma ya soko, mle mihogo na pweza wa nazi, ila muwahi, maana wavuvi humaliza sufuria mapema. Kule cooperativa, kwenye mgahawa wa ushirika, msipoteze muda. Wali wao una mchanga. Hata camarada Raul wa administração, ofisi ya serikali, aliyeletwa kutoka Maputo, ameukimbia.

Siku hizi Raul anakula kwangu. Ndiyo, nimefungua mgahawa barazani, na wenzake wote wa ofisini wanakuja. Samaki wangu wa kupaka hana mpinzani mji huu, wewe mwenyewe ni shahidi.

Mgeni wako hukumtaja jina. Wasafiri wa huko kwako Mtwara walishalitaja, na harusi yenu wamenisimulia mpaka pilau.

Wajua desturi ya hapa: mume akionekana anakula mgahawani na mkewe yuko mjini, watu hawaulizi kitu, wanajua nyumba imevunjika. Basi njooni kwangu mchana, baraza ikiwa imejaa. Nitawapakulia kwa mkono wangu, minofu mitupu, nyote wawili.

Mkeka wako wa chumbani nimeukunja. Mtakaa kwenye benchi, pamoja na wateja.

Ni mimi Cadija,
mwenye mgahawa.